Ua Chini ya Boliti

Magunia sita ya chilgoza, zile mbegu ghali za msonobari, yaliibwa mchana kweupe, kati ya alasiri na magharibi, kutoka kwenye lori lililogoma kuwaka karibu na chemchemi ya Spina. Kamba za turubai zilikatwa kwa kisu. Hapakuwa na damu wala shahidi. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kulaumiwa, naye ni dereva.

Asubuhi iliyofuata dereva huyo, Gul Marjan, aliketi mbele ya Inspekta Zmarak Mandokhel katika kituo cha polisi cha mji wa Zhob. Chai yake ya kijani ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Uliliacha lori peke yake?"

"Utingo wangu ana homa, afande. Nilizima injini nikaenda kuswali. Niliporudi, stata ikalia tk, tk, basi. Nikatembea kwenda kumtafuta fundi."

"Kwa nini uzime? Dizeli kuukuu kama ile ikishawaka haihitaji betri. Wenzako huiacha ikinguruma."

"Nisimame mbele ya Mungu huku lori linanipigia kelele mgongoni? Siwezi. Madereva wote wanalijua hilo. Wananiita Imamu wa Magurudumu."

Haji Sherdil, mwenye lori, alipiga meza. "Imamu wa wezi! Betri nimemnunulia juzi, zote mbili mpya. Betri mpya zinakufaje kwa siku mbili?"

"Haji, taa zilikuwa zinafifia hata kwa betri mpya. Nilikwambia."

"Ulichoniambia ni hadithi. Magunia umeyauza!"

Gul Marjan alitazama mikono yake. Saa nane mchana angefikishwa mbele ya hakimu, lakini hukumu iliyomtisha zaidi ilikuwa ile ya mtaani. Huko Zhob, dereva aliyepoteza amana hapewi tena hata gunia la makapi.

Zmarak alimwonea huruma, na huruma, alijua, si ushahidi. Akainuka, akaazima mita ya umeme kwa fundi wa kituo, akatoka uani.

Lori lilimeta juani kama bibi harusi. Lilikuwa limepakwa rangi upya wiki iliyopita: tausi, milima, macho ya swala, minyororo ikining'inia mbele. Usiku fundi alikuwa amezichaji betri, kwa hiyo lilipogeuzwa ufunguo lilinguruma mara moja.

"Si hilo limewaka!" Haji alifoka. "Ubovu uko wapi?"

"Limewaka kwa chaji yetu, Haji. Tuone kama lina chaji yake."

Marehemu baba yake Zmarak alikuwa fundi umeme wa magari, na yeye alikulia katikati ya nyaya. Akagusisha mita kwenye betri, injini ikiwa inazunguka. Volti ishirini na nne. Zingepaswa kufika ishirini na nane.

"Altaneta imekufa," alisema Haji.

"Subiri." Akaipima altaneta yenyewe, ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri, kwenye ncha zake mbili. Ishirini na nane na ushee. "Nzima kabisa. Inapika chakula, ila mezani hakifiki."

Waya wa kwenda betri ulikuwa safi. Akabaki na ule mwingine, waya mnene wa ethi unaoiunganisha altaneta na chesisi, fremu ya chuma ya lori. Akaweka ncha moja ya mita kwenye waya na nyingine kwenye chuma kitupu cha chesisi, pale ambapo mita ingepaswa kusoma sifuri. Ilisoma nne.

"Hapa," alisema. "Nipe spana."

Boliti ilitoka. Chini yake hapakuwa na chuma. Palikuwa na rangi nyekundu, nzito, tabaka juu ya tabaka. Na juu ya rangi, kulizunguka tundu la boliti, mtu alikuwa amechora waridi, dogo kuliko ukucha. Petali tano, kila moja na ukingo wa dhahabu mwembamba kama unywele.

Zmarak aliinama kulitazama. Kila mchoraji wa malori anajua kwamba pale ethi inapofungwa, chuma huachwa uchi, kwa sababu rangi huzuia umeme kupita. Ndipo mahali pekee pa lori pasipopambwa.

"Nani alilipaka lori hili rangi?"

"Shaista Khan," alisema Haji, sauti ikiwa imeshuka. "Mtoto wa marehemu dereva wangu wa zamani."

Zmarak alilipiga picha ua lile, akakwangua sampuli ya rangi, akaondoka na konstebo mmoja.

Karakana ya Shaista ilinuka tapentaini. Mwenyewe alikuwa akichora bawa la tai kwenye mlango.

"Fundi, ulipaka rangi chini ya ethi ya lori la Haji?"

"Labda ilimwagika, afande. Bahati mbaya."

"Bahati mbaya humwagika. Haichori petali."

Brashi ilisimama.

"Tano," Zmarak aliendelea, "na ukingo wa dhahabu. Nani mwingine Zhob anachora hivyo?"

"Hakuna," Shaista alisema, na kwa sekunde moja sauti yake ilikuwa na fahari. Kisha uso ukamwanguka. "Rangi tupu ingetosha kuzuia umeme. Nilijua ingetosha. Lakini lile ni lori la baba. Mkono ulikataa kuacha alama ya hovyo juu yake."

"Magunia yako wapi?"

Alionyesha mbao nyuma ya karakana. Konstebo akazisogeza. Magunia yalikuwa sita, lakiri zote nzima.

"Sikuuza hata punje moja. Juzi nilimfuata dereva kwa pikapu, jana nikamfuata tena. Nilijua angezima injini aswali, na kuna siku isingewaka."

"Gul Marjan alikukosea nini?"

"Hakunikosea." Machozi yalimtiririka ndevuni. "Baba aliliendesha miaka thelathini. Nilijifunza kutembea kwa kushikilia tairi zake. Alipofariki, Haji alimpa mgeni usukani, mimi akanipa brashi. Nikasema, huyu akionekana mwizi atafukuzwa, na mimi nitaitwa."

Saa sita Gul Marjan alifunguliwa mlango wa mahabusu. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akamgeukia Shaista, aliyefungwa pingu.

"Ndugu yangu, ungesema tu. Hii barabara ni ndefu. Ningekupisha usukani nusu ya njia."

Shaista alijifunika uso.

Nje, madereva kumi na watano walikuwa wamekusanyika kusikia. Haji Sherdil alipita katikati yao, akasimama mbele ya dereva wake, akavua kilemba chake na kukiweka miguuni pa Gul Marjan. Kwa mtu wa Zhob, hakuna kujishusha kuliko huko.

"Kiinue, Haji, kitachafuka," alisema Gul Marjan, akiinama kukiokota yeye mwenyewe.

"Niliutukana uaminifu wako mbele ya watu. Mbele ya watu nakuomba radhi. Magunia yote yanakungoja uyafikishe."

"Haya, Imamu!" mmoja akapaza sauti. "Lizime tena tukuone!"

Kicheko kilipasuka. Gul Marjan aliketi kwenye ngazi ya kituo, kilemba cha Haji mapajani, akacheka nao mpaka kicheko kikageuka kilio, na Zmarak akamletea chai ya moto.