Mwanamke wa Kibokoni Asiyetaka Kuchorwa

Yaliyompata dada yangu Najla yalianza Jumanne ya kawaida, baada ya chakula cha mchana. Alikwenda kwa Mwalimu Zakariya, Kibokoni, kujifunza kuchora sura za watu kwa rangi ya mafuta. Mwalimu alimketisha mbele ya picha kuukuu ya mwanamke, akamwambia ainakili vilevile ilivyo.

"Ni nani huyu?" Najla aliuliza.

"Mtu wa nyumba hii, zamani. Wewe chora."

Najla ni mpole. Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Wiki ile alimrushia mama kikombe cha chai ya moto, kisha akalia, akasema hajui hasira ile ilitoka wapi. Na kila akirudi darasani, mdomo aliouchora umefumbwa aliukuta umeachama.

Siku ya mwisho nilimsindikiza. Jua la alasiri lilijaa chumbani. Picha mbili zilisimama bega kwa bega. Ya zamani imetulia. Ya Najla ilikuwa kama mtu anayepiga mayowe.

Najla alishika brashi. Akaiangusha. Akamgeukia mwalimu.

"Mulinifungia mlango," alinong'ona. Haikuwa sauti yake. "Nalilia nisichorwe. Babu yako akamwambia mchoraji, endelea."

Zakariya alirudi nyuma mpaka ukutani. Lakini hakushangaa. Hapo ndipo damu iliponichemka.

"Ulijua!"

"Humu ndani hanipi usingizi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani akimpata mwengine, ataniwata mimi, aniache nilale."

"Ukamtoa dada yangu kafara?"

Nilimwendea. Ningempiga, wallahi ningempiga, lakini Najla alikuwa anatetemeka. Nikamkumbatia kwa nguvu, nikamvuta hadi mlangoni.

Kofi likalia.

Zakariya akaanguka. Hakuna aliyekuwa karibu naye.

Najla alilala mpaka kesho yake, akaamka na upole wake. Brashi hajaigusa tena.

Zakariya alikuja kwetu baada ya mwezi kuomba radhi. Sikumfungulia, tulizungumza dirishani. Shavuni alikuwa na alama ya kiganja, ya rangi ya mafuta ya kahawia. Alisema ameisugua kwa tapentaini, kwa mafuta ya taa, mpaka ngozi ikachubuka.

"Nenda," nilimwambia. "Usirudi."

Alipoondoka nilitoka barazani. Pale aliposimama palibaki tone moja la rangi ileile. Nililigusa kwa kidole.

Rangi ilikuwa ingali mbichi. Na ilikuwa na joto.