Nani Alimfundisha Kabibi Kuvuta?

Kila jioni Lukeba alirudi kutoka kukamua mawese, akaketi mlangoni na kuita, "Kabibi! Niwashie!"

Kabibi, binti yake wa miaka kumi na minne, alichukua sigara, akaenda jikoni, akaitia mdomoni na kuivutia kwenye kaa la moto mpaka ikawaka. Kisha alimpelekea baba kwa heshima. Ndiyo desturi ya Rumonge, mtoto kumwashia mkubwa sigara, na uhuru ulipokuja haukuibadilisha.

Siku moja Lukeba alimkuta nyuma ya jiko, anavuta yake mwenyewe. Alipandwa na hasira.

"Ni marafiki ba ku masomo! Kesho hauendi tena!"

Kabibi alilia. Mtihani ulikuwa umekaribia.

Mama yake, Cibalonza, alikwenda mbio kumwita Domitille, muuguzi wa zahanati.

"Amahoro, Baba Kabibi," alisalimu Domitille. "Niliuliza batoto makumi ine benye balishavuta: sigara ya kwanza, uliitia mu kinywa wapi? Kila mumoja alitupa mbegu ya mawese mu kikapo ya jibu yake, bila kusema jina. Duka, tatu. Marafiki, kumi na moja. Nyumbani, makumi mbili na sita."

"Nyumbani? Muzazi gani anafundisha mutoto kuvuta?"

"Mwenye anamutuma kuwasha."

Kikulacho ki nguoni mwako, naye Lukeba alikuwa akikitafuta katika nguo za majirani!

"Mutoto anazoea haraka," Domitille alieleza. "Na akiona baba anavuta, anasema ni kitu kizuri. Marafiki banakuja nyuma. Usimupige. Ongea naye. Na wewe uache, kwa sababu ule moshi unaharibu mapafu yenu bote."

Lukeba alimwita binti yake. Aliona haya, lakini alisema.

"Mwanangu, mimi njo nilikufundisha. Unisamehe. Kesho uende masomo."

Kabibi alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Na mimi ninaacha, Baba."

Kuacha hakukuwa rahisi. Wiki mbili Lukeba alitafuna miwa na kugombana hata na kuku. Siku moja jirani yao Mulamba alipita, akamnyooshea Kabibi sigara yake amwashie.

"Mulamba," alisema Lukeba, "moto iko jikoni, na miguu uko nayo."

Kabibi alicheka sana, akarudi kwenye daftari lake. Mtihani alifaulu, na sigara hakuigusa tena.