Mama na Mtoto wa Ukutani

Mume wangu alikuwa mchoraji wa mabango. Alichora mikasi kwenye milango ya vinyozi na vikombe kwenye kuta za migahawa. Nyumba yetu ilinuka rangi.

Mimba yangu ilipofika miezi saba, mguu wa kushoto ulivimba ukauma. Mume wangu akafunua kijitabu cha wajawazito. Kwenye ukurasa wa dalili za hatari kulikuwa na picha ya mama mwenye ngozi nyeupe. Mguu wake ulikuwa mwekundu kama nyanya.

"Wako si mwekundu, mama watoto. Umechoka tu. Lete nikukande."

"Watoto gani, na huyu mmoja hajatoka?"

Tulicheka. Asubuhi sikuweza kuukanyagia.

Kliniki, mkunga aliugusa kwa mgongo wa mkono. Uso wake ukabadilika.

"Mmeukanda?"

"Kidogo," mume wangu akajibu.

"Msiukande tena! Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Ikihamia kwenye mapafu, inaua."

"Lakini picha ya kijitabuni inaonyesha wekundu."

"Shemeji, kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Tazama kama mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake. Gusa kama una joto. Muulize kama unauma. Ukiona hata dalili moja, mlete siku hiyohiyo."

Hospitali walinipima, wakanianzishia sindano za kuzuia damu kuganda. Binti yetu alizaliwa salama, akilia kama aliyeonewa.

Mume wangu akarudi kwa mkunga na brashi zake. "Nipe ukuta," alisema.

Alichanganya rangi, kila mara akiilinganisha na mkono wangu. Akachora mama wa rangi yangu, mguu mmoja umevimba. Ndani ya tumbo akamchora mtoto, amejikunja, kidole mdomoni, kahawia kama sisi.

Wajawazito waliokuwa kwenye benchi waligeuka kutazama. Mmoja alisimama, akaweka kiganja ukutani, kingine tumboni.

"Kumbe yuko hivi," alinong'ona. "Kumbe tunafanana!"

Mume wangu hayupo tena. Juzi nilimsindikiza binti yetu kliniki, ana mimba yake ya kwanza. Alisimama mbele ya ukuta ule.

"Mama, huyu wa ndani ni mimi?"

"Ni wewe. Sasa inua gauni kidogo, tuitazame miguu yote miwili."