Shubaka Chini ya Ngazi

Kibao kilikuwa na joto. Mke wa fundi alikuwa akipitisha kitambaa shubakani, chini ya ngazi, mkono wake ukarudi wenyewe kana kwamba umegusa ubavu wa mtu aliyelala.

"Fundi, ulikaa hapa?"

"Nikae saa ngapi, bosi?" mumewe alijibu kutoka uani. "Labda ni Msanifu, amekuja kukagua kazi." Akacheka peke yake.

Msanifu alikuwa amekufa siku nyingi. Watu walitoka mbali kuja kupiga picha majengo yake, lakini nyumba hii aliichora angali kijana, hata majirani hawajui kuwa ni yake. Chini ya ngazi aliweka shubaka refu lenye kibao cha kukalia, nafasi ya mtu mmoja tu. Katika nyumba zake zote za baadaye hakuweka tena kitu kama hicho. Wakazi wa kwanza walikuwa wameliziba kwa matofali, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Wenye nyumba wa sasa walitaka nyumba irudi kama ilivyochorwa. Basi fundi akavunja ukuta, akaranda kibao kipya, na yeye na mkewe wakapewa chumba cha uani wawe waangalizi.

Fundi huyo alikuwa na kituko chake. Kabla ya kukata ubao aliugonga kwa penseli, akauinamia na kuuliza, "Sema, mzee?" Mkewe alishamcheka mpaka akazoea.

Baada ya joto ikaja harufu, kama nywele zilizoungua. Kisha alasiri moja mkewe akaingia na ndoo, akamwona mumewe ameketi shubakani, mikono magotini, akitabasamu, na alipotaka kumwambia ainuke ampishe apige deki ndipo masikio yake yalipomletea sauti ya msumeno kutoka uani, na penseli ikigonga, na mumewe yuleyule akiuliza kwa furaha, "Sema, mzee?"

Ndoo ikamwagika. Shubaka lilikuwa tupu.

Mganga waliyemwita alikuwa mtu mpole, miwani yake imefungwa uzi. Hakuvuka kizingiti.

"Alikuwa hapa kabla ya msingi," alinong'ona. "Yule kijana aliyeichora nyumba alimwogopa, akamtengenezea kiti. Waliofuata wakamfungia. Nyinyi mmemfungulia."

"Mtoe basi, baba!"

"Nimpeleke wapi, mwanangu? Hapa ndipo kwake. Zibeni kabla jua halijazama. Na ukuta ukisimama, usiguswe tena, hata mkisikia nini."

Fundi akajenga mwenyewe, huku mganga akisoma dua mlangoni, macho yamefumbwa. Maji yakaisha, mkewe akaenda kuteka. Aliporudi, matofali yalikuwa yamefika juu, na mumewe amesimama nje ya ukuta, mwiko mkononi, anasawazisha tofali la mwisho. Harufu ilikuwa imekatika. Mganga akawaaga. Mke alilia kwa furaha, akamfuta mumewe vumbi usoni kwa kanga yake.

"Sasa nimalizie ule mlango," mumewe akasema.

Akachukua ubao. Akauweka. Akaukata moja kwa moja.

Mke akangoja, kama mtu anayengoja mwenzake ajibu salamu.

"Fundi," akasema taratibu, "hukuuliza leo."

"Niulize nini?"

Mke akaokota nyundo ya mumewe. Alirudi nayo ndani, akapita sebule yenye madirisha ambayo wageni huyasifu, akafika chini ya ngazi ambako saruji ilikuwa bado mbichi, akaweka sikio lake pale ukutani, na kwa muda akasikia moyo wake tu, mpaka kitu chembamba kikaanza kugonga upande wa pili, kwa mpangilio aliolala na kuamka nao miaka yote ya ndoa yake, na sauti iliyokabwa na vumbi, isiyo na mzaha tena, ikauliza, "Bosi? Bosi, uko hapo?"

Aliinua nyundo. Mkono ukaishika kwa nyuma, kwa upole, ukabandua vidole vyake kimoja kimoja.

"Usisikilize, bosi," mumewe akamnong'oneza. "Mganga si alisema? Hata tukisikia nini."

Kiganja kikatua begani mwake. Kilikuwa na joto lilelile la kibao.

Ukutani penseli ikagonga tena, polepole zaidi.