Kadi ya Saba

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kuzianika, Rula alikwenda kumsaidia baba yake kwenye duka la kupiga chapa. Jina hilo la utani alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu hakukubali kupiga mstari bila rula, hata ule wa chini ya tarehe. Kazi yake dukani ilikuwa kupanga karatasi zilizokauka wino, kuzigongagonga mezani mpaka kingo zilingane, kisha kuzihesabu. Baba alizihesabu tena baada yake. Hakuwa akimshuku. Ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka ishirini na minne, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba kazi yake imepungua.

Jumamosi hiyo walikuwa wakichapa kadi za tamasha la wapenzi wa katuni, linalofanyika mara moja kwa mwaka katika ukumbi wa maktaba. Katika tamasha hilo hakuna anayelipwa. Mchora mabango huleta rangi zake, fundi cherehani hushona mavazi ya mashujaa, na wanafunzi huendesha mchezo wa kukusanya kadi. Mgeni huzunguka meza kumi na mbili, na kwenye kila meza hupewa jambo dogo la kufanya: kusoma maneno ya jitu kwa sauti ya jitu, au kumchora paka masharubu huku amefumba macho. Akilifanya, hupewa kadi ya meza hiyo. Akitimiza kadi zote, mchora mabango humchora yeye mwenyewe kama shujaa, na picha yake hukaa ukutani mwaka mzima.

Mwaka huo mkutubi, ambaye ndiye mkuu wa tamasha, alimchagua Rula awe kiongozi wa mchezo.

"Sharti ni moja," alimwambia. "Sisi tunaojitolea hatukusanyi kadi mpaka mlango ufungwe. Zitakazobaki mtagawana. Wageni kwanza."

"Naelewa, mama."

Vijitabu vya wageni vya kubandikia kadi vilikuwa mia moja. Kila kadi ilichapwa mia na ishirini, isipokuwa ya saba. Hiyo ilikuwa na picha ya Malkia wa Radi, na taji lake lilichapwa kwa wino wa dhahabu. Kopo la wino lilikauka kwenye kadi ya mia moja. Baba alilikwangua kwa kisu, akalichungulia, akacheka.

"Mia kamili. Hata tone la kupaka ukucha halikubaki."

Siku ya tamasha Rula aliwahi ukumbini kabla ya wageni, akagawa mafungu ya kadi meza kwa meza. Meza ya saba ilikuwa ya Kasuku, mvulana wa darasa lao ambaye hata usingizini ilisemekana huzungumza. Rula alifungua fungu la Malkia wa Radi. Taji lilimetameta. Akawaza: ikifika jioni, kadi hizi zitakuwa zimekwisha zote. Mimi niliyepanga kila kitu, nitakaa mwaka mzima na kadi kumi na moja? Akatazama kushoto na kulia, akaichomoa moja na kuificha ndani ya daftari.

"Nimekuona!"

"Umeona nini, Kasuku?"

"We Rula we! Kiongozi mzima! Haya, yangu iko wapi?"

"Shh! Chukua moja basi. Moja tu, na usimwambie mtu."

Kumwomba Kasuku asimwambie mtu ilikuwa sawa na kuiwasha redio na kuibembeleza inyamaze. Kabla ya saa sita mchana, wasimamizi wa meza nyingine walianza kupita hapo mmoja mmoja. Kila mmoja alisema, "Si Rula ameruhusu?" Kila mmoja alichukua moja tu.

Saa tisa alasiri Kasuku alikuja mbio, na kwa mara ya kwanza alikuwa na maneno machache.

"Rula, zimekwisha."

"Na kwenye foleni wamebaki wangapi?"

"Tisa."

Mkutubi alikuwa amekwisha kufika pale. Mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa msichana mdogo mwenye miwani minene. Kijitabu chake kilikuwa wazi: kadi kumi na moja zimebandikwa bila kupinda, na nafasi moja nyeupe.

"Niliiacha ya Malkia iwe ya mwisho," alimweleza mkutubi, "ili nimalizie kwa nzuri."

Mkutubi akageuka. "Rula, kadi hizi zilikuwa ngapi?"

Rula akalikumbatia daftari lake. "Labda... labda zilitoka pungufu dukani."

Hakujua kwamba baba yake amesimama nyuma yake. Alikuwa amekuja kuona mchezo, amevaa shati lake la kutokea. Baba alimtazama binti yake, kisha akaitazama ile foleni. Akavua kofia.

"Nilizihesabu mara mbili," alisema taratibu. "Lakini macho nayo huzeeka. Nisameheni, wanangu. Kosa ni la duka langu."

Mzazi mmoja alicheka. "Na mimi nilitaka kumletea kadi za harusi ya mwanangu! Si angeninyima wageni?"

Watu wakacheka naye. Baba aliikunja kofia yake mikononi, akaikunja tena, kama mtu asiyejua mahali pa kuiweka.

Rula hakuweza kustahimili.

"Baba hukukosea!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Zilikuwa mia. Nilichukua moja mimi, kabla mlango haujafunguliwa. Nimesema uongo."

Alifungua daftari, akaitoa kadi na kumkabidhi mkutubi. Kisha akapanda juu ya kiti.

"Mimi ndiye niliyeanza. Yeyote aliyechukua kwa kunifuata mimi, naomba airudishe. Kuna watu wanangoja."

Halafu msimamizi wa meza ya pili akaja, akitazama viatu vyake. Akaja wa meza ya tano. Zikarudi nane, pamoja na ile ya Rula. Ya tisa ilikuwa ya Kasuku, lakini juu ya lile taji alikuwa ameandika jina lake kwa wino usiofutika, na chini yake neno BINGWA.

"Nilijua ni yangu," alisema kwa unyonge.

Waliotangulia wanane walipata kadi zao. Akabaki yule msichana wa miwani. Rula aliomba karatasi ngumu, akainama mezani na kumchora Malkia wa Radi kwa mkono. Taji alilipaka kalamu ya njano, kwa kuwa dhahabu haikuwapo. Kazi hiyo ilimchukua karibu nusu saa. Msichana alisimama akimtazama, hakuondoka.

"Hii si kama za wenzangu," alisema alipoipokea.

"Si kama zao."

"Nikiulizwa shuleni nitasemaje?"

Rula alifikiri, kisha akaigeuza na kuandika nyuma yake: *Kadi hii imechorwa kwa mkono kwa sababu kiongozi wa mchezo alichukua ya mgeni.* Akatia sahihi. Msichana alisoma neno kwa neno, akaibandika, akaenda kwa mchora mabango.

Wageni walipoondoka, mkutubi alimwita Rula pembeni.

"Wewe ulihesabu moja. Wenzako walihesabu ruhusa. Kiongozi akichukua kidogo, hakibaki kidogo."

"Mwakani nipe meza tu, mama. Uongozi nitauomba tena baadaye."

"Nitakungoja," alisema mkutubi.

Baba alikuwa akikunja meza. Rula alimkaribia.

"Baba, yule mzazi hataleta kazi yake."

"Huenda. Lakini alikuwepo pia uliposema kweli, ataamua mwenyewe." Baba akanyoosha mgongo. "Kicheko chake hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni dakika ile niliposimama pale nikitilia shaka mikono yangu mwenyewe, kumbe wewe unajua. Mwanangu, ukikosea, libebe kosa lako hata kama ni zito. Ukimtwika mwenzako, atalibeba bila kujua amebeba nini."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe tangu ulipopanda kiti." Akaegemeza meza upande wake. "Haya, shika huko. Meza zimebaki sita."