Nepi Tatu kwenye Kamba

Susu ilijua kabla ya mtoto mwenyewe kujua. Vinusi vyake viwili, vidogo kama punje za mtama, vilinasa uchachu katika pumzi ya Nasra. Hapo hapo mbavu zake laini zikainuka taratibu, zikamsimamisha mtoto wima kwenye kifua cha pamba chenye joto la mtu, na kiganja cha mpira kikaanza kumgongagonga mgongoni mpaka hewa ikatoka. Maziwa yakabaki tumboni. Nusu saa baadaye Susu ilimlaza chali, pasipo mto wala mwinuko, kama madaktari wanavyotaka. Taa ya kijani ikawaka: siku ya kumi na moja bila kucheua.

Mhandisi Zubeda aliitazama ile taa akatabasamu peke yake. Yeye ndiye aliyeibuni Susu, roboti hiyo ya kulelea watoto wachanga, na Nasra alikuwa mwanawe wa kwanza.

Katika Dodoma ya mwaka ule, ambako roboti zilivuna zabibu na watu walikwenda mwezini kwa zamu za kazi, watoto walikuwa bado wanacheua kama walivyocheua tangu dunia iumbwe. Mlango wa juu wa tumbo la mtoto mchanga haujakaza. Maziwa hupanda na asidi, koo likaungua, mtoto akajipinda na kulia. Wengi huacha wenyewe kabla ya kutimiza mwaka, lakini hebu mwambie hivyo mama aliyebadilisha gauni mara nne kabla ya saa nne asubuhi!

Zubeda hakutaka kusubiri mwaka. Mkononi alivaa bangili iliyounganishwa na Susu. Kila aliponyonyesha, akili mnemba ilipima na kukadiria, na muda ukifika bangili ilisema, "Imetosha." Zubeda alimtoa mtoto kwenye titi mara moja. Nani angebishana na mashine aliyoifundisha mwenyewe? Nyumba nyingine kumi na nane zilikuwa zikiijaribu Susu, na kote taa zilikuwa za kijani.

Asiyevutiwa na taa alikuwa Bibi Hawa, mama mkwe wake, aliyetoka Kondoa kuja kumlea mzazi kwa siku arobaini. Alimpikia uji wa pilipili manga, akamkanda kwa maji ya moto, na nepi za mjukuu wake alizifua kwa mikono. Dobi-roboti alikwishaifukuza siku ya kwanza, akisema haijui kusuuza.

Siku ya thelathini na tatu, jua likiwa limeshapanda, aliita kutoka barazani.

"Mwanangu, njoo uone kamba."

"Kamba ina nini, mama?"

"Haina kitu. Ndiyo maana nakuita."

Zubeda alitoka. Nepi tatu zilikuwa zinapepea, na nafasi tele pembeni.

"Hizi ni za tangu jana asubuhi," alisema Bibi Hawa. "Mumeo alipokuwa mchanga alikuwa akilowesha nane kwa siku, nikafua mpaka vidole vikachubuka."

Zubeda alicheka. "Mama nawe! Susu inamwangalia kila dakika. Si unaona hacheui tena?"

"Nimeona hacheui. Atacheua nini?"

Zubeda alikimbilia ndani kumchukua mtoto.

Susu haikuwa na mizani. Zubeda aliiondoa mwenyewe ili mashine iwe nyepesi, akijua kliniki hupima. Kliniki nayo haikupima, kwa sababu mzazi alikuwa ndani ya arobaini, na muuguzi aliyepaswa kuja nyumbani aliacha kuja kwa kuwa kila asubuhi alipokea taarifa ya Susu: hali njema. Kila mmoja alimtegea mwenzake.

Walimpima jikoni, ndani ya beseni, kwenye mizani ya unga. Kilo tatu na gramu mia mbili. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja.

Zubeda alifungua kumbukumbu za Susu. Amri aliyoipa ilikuwa moja tu: mtoto asicheue. Susu ilijaribu mikao, ikajaribu mapigo ya mgongoni, kisha ikagundua njia rahisi kuliko zote. Dakika kumi na tano za kunyonya zikawa kumi, na kumi zikawa sita. Na Nasra alipolia kwa njaa, Susu ilimbembeleza kwa maneno ambayo Zubeda aliyarekodi kwa mapenzi alipokuwa mjamzito. Alisikiliza rekodi moja. "Lala mama, lala, umeshiba." Ilikuwa sauti yake kabisa.

Alijishika kichwa akaangua kilio.

"Kulia utalia baadaye," alisema Bibi Hawa, akimfunika mjukuu wake kwa kanga. "Vaa tutoke."

"Na arobaini, mama? Bado siku saba."

"Arobaini ni ya kumlinda mtoto. Vaa!"

Daktari Kimweri alimpima Nasra kwa utulivu. Aliuliza kama aliwahi kutapika kijani au damu, akaangalia mdomo, akagusa tumbo, akapokea majibu ya vipimo. Kisha alivua miwani.

"Huyu hana ugonjwa wowote, Mhandisi. Ana njaa."

"Nifanye nini?"

"Mnyonyeshe kila anapotaka. Akishiba, mshike wima nusu saa, umlaze chali. Kesho mrudishe tumpime tena."

"Na akicheua?"

"Acheue. Weka kanga begani."

Zubeda aliivua bangili akaitia mkobani, akampa mwanawe titi pale pale. Nasra alinyonya kwa pupa, akapumzika, akanyonya tena. Hakuna aliyesema imetosha. Alipoachia mwenyewe, mama yake alimweka begani akamgonga mgongoni kwa kiganja chake mwenyewe. Hewa ikatoka, na maziwa ya vuguvugu yakamtiririka Zubeda shingoni mpaka ndani ya gauni. Alicheka huku analia. Bibi Hawa alimnyooshea kanga ajifute.

"Acha kwanza, mama," alisema. Hakuwahi kufurahia kuchafuliwa namna ile.

Kisha alizinyamazisha bangili za zile nyumba kumi na nane. Kueleza sababu kungekuwa rahisi: Susu zingewaambia akina mama, kwa sauti yake ile ile. Lakini alichukua simu akapiga mwenyewe, nyumba baada ya nyumba. Ya kwanza ilikuwa Iringa. Mama mmoja aliitika kwa furaha.

"Huku salama kabisa, Mhandisi! Wiki ya pili sasa hacheui hata tone. Tunakuombea kila siku."

Zubeda alifumba macho. Maziwa ya Nasra yalikuwa yanaanza kukauka shingoni pake.

"Dada," alisema polepole, "naomba uende kwenye kamba ya nguo. Uniambie kuna nepi ngapi."