Akina Mama Wanashuka

Kila asubuhi Delsy Britton alibeba kikapu cha mikate ya nazi kutoka nyumbani hadi geti la shule. Alimwachia mama yake kikapu kile kwenye meza ya biashara, kisha akatimua mbio kwenda darasani kabla kengele haijalia. Mikono yake ilinukia nazi mpaka wakati wa mapumziko, na Winfel, aliyekaa dawati la nyuma, hakuchoka kumtania.

"Delsy, leo nimekuja bila chai. Lete huo mkono niutafune!"

Siku hiyo hata Winfel hakuwa na habari ya mikate. Darasa la sita lilikuwa na jambo zito: kuchagua kisiwa cha kwenda kupumzika kwenye likizo fupi ya mwezi wa tano. Ni kweli kwamba watoto wa San Andrés wamezaliwa kisiwani, wanaamka na bahari na kulala na bahari. Lakini mtoto wa kisiwani ndiye wa kwanza kutamani kisiwa cha jirani. Ndivyo tulivyo.

Mwalimu Graciela, aliyehamia kutoka bara mwaka huo huo, aliandika majina mawili ubaoni: Cayo Almendro na Providencia.

"Kila kisiwa kina mtetezi wake," alisema. "Kerlin, anza wewe."

Kerlin Hooker alisimama. Mjomba wake alikuwa mtunzaji wa Cayo Almendro, kisiwa kidogo ambacho ungeweza kukizunguka kwa miguu kabla wali haujaiva. Alisifia mchanga wake laini, samaki wa rangi rangi, na mashelisheli ambayo mjomba wake huyachoma kwenye makaa. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaongeza, "Lakini jioni kuna usubi. Wanauma kwelikweli. Na maji ya kunywa lazima tubebe wenyewe."

"Usubi!" Winfel alijikuna mwili mzima, na darasa likaangua kicheko.

Ikawa zamu ya Delsy. Providencia ndiko aliko Bibi Verna, mama wa mama yake. Delsy hakuwa amemwona tangu Krismasi ya mwaka juzi. Kila alipouliza, mama yake alimjibu, "Nauli ya boti si mchezo, mwanangu. Subiri." Delsy alikuwa amechoka kusubiri. Safari hii ya shule ilikuwa ndiyo nafasi yake, na hakutaka usubi wala mtu yeyote amnyang'anye.

Alisimulia juu ya milima, na juu ya farasi wanaoshindana mbio ufukweni, upande wa pili wa kisiwa, karibu kabisa na nyumba ya bibi yake. Wavulana walikaa wima waliposikia farasi.

"Hebu tumpigie bibi yako simu," alisema Mwalimu Graciela. "Tumsikie mwenyewe."

Simu iliwekwa juu ya meza, sauti ikafunguliwa.

"Bibi, ni mimi Delsy. Darasa zima linakusikia. Tunataka kuja huko likizo ya mwezi wa tano."

"Ala! Na mimi sijachana nywele!" Watoto wakacheka hadi wengine wakapiga madawati. "Karibuni sana, wanangu. Ila wiki hiyo mwambie mwalimu wako kwamba akina mama wanashuka. Barabara haitapitika kwa wingi wao. Mjipange!" Kisha mtandao ukakatika.

Uso wa mwalimu ulichangamka. "Akina mama wanashuka! Jamani, watu wakarimu namna hii? Watashuka kutupokea?"

Delsy alielewa mara moja. Kijijini kwa Bibi Verna, watu wakisema akina mama wanashuka, hawasemi habari za wanawake. Wanasema kaa weusi wa milimani, kaa majike, ambao mara moja kwa mwaka huteremka kwa maelfu kwenda kutaga mayai baharini. Wakishuka, barabara hufungwa kwa kamba. Hakuna gari, hakuna pikipiki. Farasi wa ufukweni wangebaki upande wa pili wa kamba, wakitafuna majani yao kwa raha.

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa ulimini. Lakini nani atachagua kisiwa kilichofungwa barabara kwa ajili ya kaa? Na yeye, akishafika huko, angemwona bibi yake kwa namna yoyote.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Watashuka wengi sana."

Mikono ikanyooshwa, na Providencia ikashinda kwa mbali. Kerlin alipiga makofi pamoja na wenzake, ingawa macho yake yalikuwa chini.

Siku ya safari bahari ilikuwa na hasira. Winfel, bingwa wa mzaha, alikumbatia ndoo njia nzima na hakutania mtu. Lakini milima ilipochomoza mbele yao, hata yeye alinyanyua kichwa. Watoto wa San Andrés, kisiwa kisicho na mlima wa kujivunia, hawakuwahi kuona ardhi ikiinuka hivyo kutoka majini, kijani kitupu hadi mawinguni. Na bahari yenyewe! Mara buluu, mara kijani, mara zambarau, na karibu na ufuko nyeupe kama tui la nazi. Mwalimu Graciela alishika kifua akasema, "Mungu wangu, kumbe kuna mahali kama hapa!"

Waliacha mizigo kwenye ukumbi wa kanisa, mjini karibu na bandari, wakapanda lori la wazi kuelekea upande wa farasi. Hawakufika mbali. Kamba nene ilikuwa imefungwa kutoka mti hadi mti, na mbele yake alisimama mzee mwenye kofia ya majani na ufagio mkononi. Alikuwa Bwana Eusebio, mlinzi wa mazingira.

"Mwisho hapa," alisema. "Barabara imefungwa mpaka keshokutwa. Akina mama wanashuka."

"Vizuri sana!" alijibu Mwalimu Graciela, huku akishuka na kutengeneza nguo yake. "Ndio hasa tunaowangoja. Tumewaletea na zawadi ya mikate."

Bwana Eusebio alimtazama. Kisha alicheka, akacheka tena, akaegemea ufagio wake asije akaanguka. "Mwalimu, hawa mama zetu hawali mikate! Ni kaa, mama yangu. Kaa wa milimani, wenye mayai!"

Manung'uniko yakaanza ndani ya lori. Na farasi je? Na ufuko? Ndiyo kusema tumetapika bure? Mwalimu Graciela alikuwa amepata aibu mbele ya mtu asiyemjua, na shingo yake ilikuwa nyekundu. Lakini alikuwa mtu mwema, hakutaka kumhukumu mtoto haraka.

"Tulieni," alisema. "Bibi alitumia msemo wa kwao. Mimi sikuuelewa, na pengine Delsy naye hakuuelewa. Au siyo, Delsy?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, ndiyo, na mambo yangeishia hapo. Delsy alitazama kamba, na barabara iliyokwenda kwa bibi yake ikipinda nyuma ya mlima. Akamtazama Kerlin. Kerlin alikuwa anasubiri tu kama wengine. Ndipo Delsy alipoona haya kiasi cha kutamani ardhi impasukie.

"Nilielewa, Mwalimu," alisema. "Nilijua ni kaa. Nilijua barabara itafungwa. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mchague huku. Nilitaka kumwona bibi yangu."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Winfel. "Hii imefika kwenye kamba ikaisha." Hakuna aliyecheka.

"Mimi nilisema habari za usubi," Kerlin alisema taratibu. "Nilisema ukweli, nikashindwa."

Maneno hayo yalimchoma Delsy kuliko fimbo. Alikaa kwenye jiwe kando ya barabara akalia. Bibi yake alikuwa kule mbele, karibu hivyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyejileta mbele ya barabara iliyofungwa. Mwalimu Graciela alikaa kando yake, lakini hakumbembeleza.

Wingu lilifunika mlima, na mvua ya alasiri ikapita, fupi na nzito. Ilipokatika, Bwana Eusebio aliinua mkono. "Nyamazeni. Sikilizeni."

Sauti ilitoka msituni, nyepesi, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Majani yakatikisika. Kaa wa kwanza akajitokeza, mweusi, miguu myekundu, akasimama ukingoni mwa lami akiwa amenyanyua magando yake kama mtu anayeuliza njia. Nyuma yake walikuja wengine, na wengine, mpaka barabara yote ikawa inatembea. Kila mmoja alibeba chini ya tumbo mzigo wa mayai, madogo kama punje za uwele, na kila mmoja alikuwa na safari ile ile: bahari.

"Lo!" alisema mtoto mmoja. Hakuna aliyepata neno bora zaidi.

"Wametoka juu kileleni," Bwana Eusebio alieleza kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyewaonyesha njia. Wataingia majini, watapukutisha mayai, watapanda mlima tena. Tunawalinda kwa kuwa wakiisha hawa, na kisiwa kimekwisha. Sasa, nani atanisaidia? Wengine hutumbukia kwenye mtaro wakashindwa kutoka."

Wote walinyoosha mikono. Aligawa mifagio laini, wakaingia kazini. Waliwainua kaa kutoka mtaroni, wakawasukuma polepole kuelekea ufukweni, hatua chache chini ya barabara. Winfel alivua viatu, akatembea kwa ncha za vidole, akimwambia kila kaa aliyepita mbele yake, "Pita, mama. Samahani, mama." Safari hii hakuwa anatania. Mwalimu Graciela alipiga magoti majini, sketi ikiloa, akimtazama kaa mmoja akitikisa mwili wake kwenye wimbi hadi mayai yote yakaenda, na machozi yakamlengalenga.

Delsy ndiye aliyemwona wa kwanza. Mbele, kwenye kona, mwanamke mwenye kitambaa cha manjano alikuwa anakuja akifagia njia, hatua kwa hatua.

"Bibi!"

Alitaka kukimbia. Lakini chini ya miguu yake kulikuwa na kaa kila mahali. Ilimbidi atazame, asogeze mguu, asubiri kaa apite, asogeze mwingine. Hakuwahi kutembea polepole vile akiwa na haraka vile. Alipofika alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Bibi Verna akamkumbatia mpaka ufagio ukaanguka.

"Nimengoja, nikaona hamfiki, nikasema ngoja niwafuate. Mbona macho mekundu, mjukuu wangu?"

Delsy alimweleza yote, mbele ya darasa zima, bila kupunguza. Bibi Verna alisikiliza hadi mwisho. Kisha akawageukia watoto.

"Niambieni ukweli. Angewaambia kwamba mtakuta barabara imefungwa na kaa hawa wanashuka, mngekuja?"

"Bibi," alisema Winfel, "mimi ningekuja hata kwa kuogelea. Tena bila ndoo!"

Kicheko kikawatoka wote, hata Kerlin. Bibi Verna hakucheka. Alimshika Delsy kidevu.

"Unaona? Hawa ndio fahari yetu, na wewe uliwafunika kama kidonda. Anayedanganya ili apendwe hajui hata thamani ya kile alicho nacho. Mwenzako alisema kizuri na kibaya cha kisiwa chake. Hakushinda, lakini leo kila mtu hapa angeamini neno lake. Lako nani ataliamini?"

Delsy alimwendea Kerlin, akasimama mbele yake.

"Nisamehe. Nilikunyang'anya ushindi wako."

Kerlin aliwaza. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini tukienda Almendro, utakuja. Na usubi watakuuma wewe kwanza."

"Nitakuja," alisema Delsy.

"Na kuhusu kuaminiwa," alisema Mwalimu Graciela, akikamua sketi yake, "huko ni kupanda mlima, mwanangu. Tena kwa miguu. Lakini leo, pale nilipokufungulia mlango wa uongo ukakataa kupita, ulianza kupanda."

Kaa walikuwa bado wanashuka. Delsy aliokota ufagio wa bibi yake, wakarudi kazini pamoja.